Jino Lililotibiwa Mzizi Limepasuka: Lipi Huokolewa, Lipi Hung'olewa, na Hatua za Kufuata

Jino lililokwisha kutibiwa mzizi, yaani lililotolewa kiini na kujazwa mifereji yake, likipata ufa, jambo la kwanza kujua si linauma kiasi gani, bali ufa umeishia wapi. Ufa ulioishia juu ya fizi hutibika kwa kuziba na kuvisha kofia, yaani kifuniko kigumu kinachozunguka kichwa chote cha jino. Ulioshuka kidogo chini ya fizi nao hutibika, kwa kazi zaidi na gharama zaidi. Ulioingia ndani ya mzizi mara nyingi humaliza safari ya jino hilo, hata kama leo halikuumi kabisa. Maelezo yote yafuatayo yanazunguka jambo hilo moja, kwa sababu wagonjwa wengi hupoteza pesa pale kofia ya bei kubwa inapowekwa juu ya jino ambalo hakuna aliyeangalia mwisho wa ufa wake.

Kwa nini meno haya hupasuka

Wengi huambiwa kwamba jino likiondolewa mshipa hukauka, na ukavu ndio unaolivunja. Hiyo si sababu kubwa. Unyevu wa jino lililotibiwa na wa jino lenye uhai haupishani sana. Kinacholidhoofisha ni sehemu ya jino iliyoondolewa: kwanza na uozo, kisha na mashine ya daktari, kisha na kuziba kwa zamani kuliporudiwa. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 1989 vilionyesha kwamba tundu la kuingilia mzizini peke yake lilipunguza ugumu wa gego dogo kwa asilimia 5 tu. Jino lililotobolewa juu pamoja na kuta zote mbili zinazogusana na majirani zake lilipoteza asilimia 63. Kwa hiyo mwenye gego lililokuwa na tundu dogo juu tu na mwenye gego lililozibwa upande hadi upande hawana hatari sawa, ingawa wote wawili husema "nilitibiwa mzizi."

Sababu ya pili ni kuchelewa kuvisha kofia. Maumivu yakiisha mtu hujiona amepona, na zile pesa za kofia zinakwenda kwenye ada ya shule. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002 ulikuta kwamba meno yaliyotibiwa mzizi bila kuvishwa kofia yalipotea kwa kasi mara sita ya yale yaliyovishwa.

Ya tatu ni posti, yaani kijiti cha chuma au cha nyuzi za kioo kinachosimikwa ndani ya mzizi ili kushikilia kichwa cha jino kilichojengwa upya. Posti haiuimarishi mzizi. Ikiwa nene mno, au ikisimikwa kwenye jino lisilo na kuta za kutosha, kila unapotafuna huusukuma mzizi utanuke kama kabari kwenye gogo. Hapo unabaki mfupa wa nyama ya mbuzi tu, punje ya jiwe kwenye wali, pingili ya muwa au kizibo cha soda kilichofunguliwa kwa meno, na ufa unaanza.

Dalili zinazoelekeza kwenye ufa

Jino hili halina kiini hai, kwa hiyo halishtuki kwa maji baridi wala chai ya moto. Likishtuka, tazama jino la jirani, au mfereji wa mzizi uliosahauliwa wakati wa matibabu. Maumivu ya ufa hutoka kwenye nyuzi zinazoshikilia mzizi ndani ya mfupa. Huja unapouma kitu kigumu mahali pamoja maalumu, na mara nyingi huchoma zaidi unapoachia kuliko unapobana.

Tazama pia kijipu kinachotokea kwenye fizi, kinapasuka, kinapona, kisha kinarudi. Mzizi uliopasuka kwa urefu hupenda kutoa kijipu karibu na shingo ya jino. Usaha unaotoka kwenye ncha ya mzizi kwa kawaida hutokeza mbali zaidi na shingo, usawa wa ncha hiyo. Kofia au posti iliyong'oka, ikagundishwa, ikang'oka tena bila sababu, ni dalili inayopuuzwa mno. Gundi haikuwa na kosa: mzizi umefunguka, hauna tena nguvu ya kukamata kitu.

Si kila mstari unaoonekana ni ufa wa hatari. Meno ya watu wazima wengi yana vistari vyembamba vya juu juu, ndani ya enameli tu, lile tabaka gumu la nje ya jino, vinavyoshika rangi ya chai na kahawa. Haviumi, havishuki, havitaki tiba. Waliokulia Arusha, Meru, Kilimanjaro au Nakuru, ambako maji yana floridi nyingi, huwa na mabaka na michirizi ya kahawia inayoweza kumtisha mtu bure.

La kufanya kabla ya kufika kwa daktari

Acha kutafunia upande huo tangu dakika ile. Kula mtori, uji, ndizi laini, wali uliolainika, samaki asiye na miiba. Kipande kikiwa kimetoka chenyewe, kioshe, kiweke kwenye kichupa safi chenye maji au maziwa, uende nacho: urefu wake unamwonyesha daktari ufa umeshuka hadi wapi. Kipande kinachocheza lakini bado kimeshikwa na fizi usikivute. Unaweza kuchana fizi, na unaweza kutokwa damu nyingi bila sababu.

Endelea kupiga mswaki mahali hapo, kwa upole. Sukutua maji vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha mililita 250, mara tatu au nne kwa siku.

Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kumeza paracetamol vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vinane kwa siku moja. Ibuprofen miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya kula, hufanya kazi vizuri zaidi kwa maumivu ya kutafuna. Ila isitumiwe na mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, wala mwenye pumu inayoamshwa na aspirini. Usimeze ibuprofen pamoja na diklofenaki. Ni dawa za ukoo mmoja: faida haiongezeki, madhara ya tumbo na figo yanaongezeka.

Mafuta ya karafuu yaache kwenye chupa. Yanasaidia jino lenye kiini hai kwa kutuliza mshipa, na hapa mshipa haupo. Tena yana kemikali inayozuia gundi na ziba nyeupe za meno zisigande sawasawa, kwa hiyo unamharibia daktari kazi atakayokuja kuifanya. Gundi ya viatu au ya plastiki usiiguse kabisa. Hufungia uchafu ndani ya ufa, na mara nyingi hulazimisha kuondoa sehemu ya jino ambayo ingebaki.

Kuna neno moja tunalotaka lishike: antibayotiki haizibi ufa. Kumeza amoksilini na metronidazoli za kununua dukani hutuliza kijipu kwa wiki moja au mbili, kisha bakteria hupita tena njia ile ile kwa sababu njia bado ipo. Ubaya mkubwa wa utulivu huo ni kwamba, wakati hausikii kitu, mfupa unaozunguka mzizi unaendelea kuliwa. Aliyezunguka na vidonge miezi minane hufika kwa daktari akiwa na shimo kwenye mfupa mahali ambapo angeweza kupandikiziwa jino kwa urahisi.

Usisubiri miadi ya kliniki ukiona uvimbe unashuka shingoni au chini ya kidevu, ulimi unainuliwa juu, mdomo haufunguki, kumeza kumekuwa shida, sauti imebadilika, au una homa na kutetemeka. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Maambukizi ya jino yakishuka shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache.

Uchunguzi: namna ufa unavyofuatwa hadi mwisho wake

Hapa ndipo pesa yako inapookolewa au kupotea, kwa hiyo fahamu unachopaswa kufanyiwa.

Daktari huanza kwa kukuumisha kidogo kwa makusudi. Hukupa kifaa kidogo cha plastiki uume kilele kimoja cha jino, yaani nundu moja ya kutafunia, kwa wakati mmoja, kisha uachie. Kilele kinachochoma ndicho kinachoelekeza upande wa ufa. Kisha hupima fizi kwa kijiti cha chuma chenye alama za milimita, akikitembeza kuzunguka jino lote, hatua kwa hatua, milimita moja moja. Fizi yenye afya huruhusu milimita 1 hadi 3. Akisoma 3, 3, halafu ghafla 8, kisha 3 tena, shimo hilo jembamba lililosimama peke yake ni ushahidi mzito wa ufa ulioshuka mzizini. Shimo pana, 5, 6, 6, 5, huelekea zaidi kwenye ugonjwa wa fizi. Kipimo hiki hakigharimu chochote wala hakihitaji umeme, na bado ndicho kinachorukwa mara nyingi. Kama daktari wako hajapima kuzunguka jino, mwombe apime kabla hamjazungumzia kofia.

Eksirei hupigwa mbili, moja imenyooka na nyingine mashine ikisogezwa pembeni kwa nyuzi 15 hadi 20. Usitarajie kuuona ufa wenyewe; ni mwembamba mno, na kwa kawaida miale hupita upande usiouonyesha. Kinachotafutwa ni alama ya mfupa uliolika, hasa kivuli kinachoshuka ubavuni mwa mzizi na kuzunguka ncha yake, mfano wa herufi J. Kukiwa na tundu la usaha kwenye fizi, daktari anaweza kuingiza humo kijiti laini cha gata-pacha, ile dawa ya rangi ya waridi inayojaza mifereji, kisha kupiga picha. Kijiti kitaonyesha usaha unatoka wapi.

Eksirei ya pande tatu husaidia kuona mfupa, lakini kwa jino hili ina kasoro: gata-pacha na posti ya chuma hutoa michirizi kwenye picha, na michirizi hiyo hufanana na nyufa. Jino zima linaweza kuhukumiwa kifo kwa michirizi, na lililopasuka likapita. Ikiwa mtu anataka kukung'oa jino kwa ushahidi wa picha hiyo peke yake, tafuta maoni ya pili.

Uthibitisho wa mwisho ni macho. Kofia au ziba ya zamani huondolewa yote, jino hukaushwa, na daktari hutazama kwa miwani ya kukuza au hadubini. Huweza kupaka rangi ya buluu ya methilini, akasubiri kidogo, akasafisha. Rangi hubaki ndani ya ufa. Mwanga mkali ukimulikwa ubavuni, hupita kwenye sehemu ya jino isiyo na ufa na kukatika unapofika kwenye ufa. Anachotaka kujua ni mambo mawili: ufa umekata sakafu ya jino, pale mifereji inapoanzia? Na vipande viwili vinaachana vikisukumwa? Mzizi wenyewe ukishukiwa, fizi inaweza kuinuliwa kidogo chini ya ganzi ili mzizi uonekane moja kwa moja.

Kabla ya hatua hiyo ya kufungua jino, kubalianeni bei kwa hatua: kiasi gani kufungua na kuchunguza, kiasi gani kujenga, kiasi gani kofia, na utalipa nini ikigundulika katikati kwamba jino haliokoleki. Andikeni. Kliniki yenye hadubini si ya kila mji; hospitali zinazofundisha madaktari wa meno, kama Muhimbili Dar es Salaam na ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ni mahali pa kuulizia ukiambiwa na daktari wako kwamba hana vifaa.

Kumbuka pia kwamba ufa unaweza kusingiziwa. Gego la juu la kwanza mara nyingi lina mfereji wa nne ambao hukoswa. Ziba au kofia iliyo juu kuliko meno mengine huumiza unapouma. Na mafua ya sainasi hufanya magego ya juu yaume kwa pamoja. Haya matatu yote hutibika bila kung'oa.

Tiba kulingana na mwisho wa ufa

*Kilele kimoja kimevunjika, mzizi salama.* Hii ndiyo habari njema kuliko zote. Kipande huondolewa, ziba iliyobaki hukaguliwa, na jino hujengwa. Kosa la kawaida hapa ni kujaza pengo kwa ziba nyeupe na kuacha vilele vingine vilivyobaki vikiwa vyembamba. Mwaka haujaisha navyo vinafuata. Vilele vyote dhaifu vipunguzwe milimita 1.5 hadi 2 na vifunikwe, ama kwa kofia nzima ama kwa kifuniko cha sehemu ya juu. Asiye na uwezo wa kofia sasa hivi afunikwe vilele kwa ziba nyeupe yenye unene huo. Haidumu sawa na kofia, lakini ni bora mara nyingi kuliko kuacha kuta zikiwa wazi.

*Ufa umekata kichwa cha jino, haujafika sakafuni, fizi inapima 3 kuzunguka.* Jino hili linaokoleka, ila kwa utaratibu huu:

1. Jino hupunguzwa kimo ili lisigongane na la upande wa pili, kisha hufungwa bendi ya chuma, ile ile ya wanaonyoosha meno, ili kuta zisiendelee kuachana.
2. Ziba ya zamani hutolewa yote. Milimita 2 hadi 3 za juu za gata-pacha huondolewa kwenye midomo ya mifereji na nafasi hiyo kuzibwa kwa ziba ya kugundishwa, ili bakteria wa kwenye ufa wasiingie mzizini.
3. Ndani ya jino hujengwa kwa ziba hiyo hiyo, jino likiwa limezungukwa na shiti ya mpira ili mate yasiharibu gundi. Posti iepukwe kabisa kama kuna kuta za kushikilia.
4. Unakaa na bendi wiki mbili hadi nne ukitafuna kwa uangalifu. Maumivu ya kuuma yakiisha na fizi ikabaki 3, kofia inawekwa. Yakibaki au shimo likitokea, umejua mapema kwamba kofia isingesaidia, na pesa yake iko mfukoni.

Kofia ishike angalau milimita 2 za ukuta halisi wa jino, kuzunguka pande zote, chini ya sehemu iliyojengwa. Mshiko huo ndio unaozuia jino kupasuka tena, kuliko aina ya kofia yenyewe. Kwa gego, kofia ya chuma au ya zirkonia, ile nyeupe ngumu sana, hufaa zaidi. Kaure tupu ni ya mahali pasipo na nguvu kubwa ya kutafuna. Kama matibabu ya mzizi yalikaa wazi kwenye mate miezi mitatu au zaidi, madaktari wengi hupendelea kuyarudia kwanza kabla ya kuvisha kofia.

Matarajio yawe ya kweli. Utafiti wa Singapore uliochapishwa 2006 ulifuata meno 50 yaliyopasuka yaliyotibiwa mzizi. Baada ya miaka miwili asilimia 85.5 yalikuwa bado mdomoni. Yaliyokuwa na zaidi ya ufa mmoja, yaliyokuwa ya mwisho nyuma, na yaliyokuwa na shimo la fizi kabla ya kutibiwa yalipotea zaidi.

*Kipande kimevunjika chini ya fizi, mzizi mzima.* Kofia haiwezi kuwekwa juu ya ukingo uliozama karibu na mfupa: fizi itavimba na kutoa damu daima. Panahitajika takriban milimita 4 za jino zima juu ya mfupa, mbili kwa ajili ya fizi kujishika na mbili kwa ajili ya kofia. Njia ya kwanza ni upasuaji mdogo wa kushusha fizi na mfupa, kisha kungoja wiki 6 hadi 8 kwa magego, na miezi 3 hadi 6 kwa meno ya mbele ambako mstari wa fizi unaonekana. Njia ya pili ni kulivuta jino polepole kwa waya, karibu milimita moja kwa wiki, kisha kulishikilia miezi kadhaa lisirudi. Kwa jino la mbele sisi tunaona kuvuta ni bora, kwa sababu hakuondoi mfupa wa majirani. Kabla ya yote mawili, mzizi utakaobaki ndani ya mfupa upimwe kwenye eksirei: usiwe mfupi kuliko sehemu itakayokuwa nje.

*Mzizi mmoja wa gego umepasuka, mingine mizima.* Gego la chini lina mizizi miwili, la juu mitatu. Inawezekana kukata gego la chini katikati, kung'oa nusu mbovu na kuvisha nusu nzima kofia ya gego dogo. Au kukata mzizi mmoja wa gego la juu na kuacha miwili. Hufaa pale tu mizizi inayobaki imetibiwa vizuri, mfupa wake ni mzima, haijaungana, na wewe unaweza kusafisha sehemu hiyo kila siku kwa kibrashi kidogo cha katikati ya meno. Mizizi iliyobaki hubeba mzigo wote wa zamani, na yenyewe hupasuka ikielemewa.

*Jino limegawanyika vipande viwili, au mzizi pekee umepasuka kwa urefu.* Ling'olewe. Kuna mahali, hasa Japani, ambapo jino hung'olewa kwa upole, vipande vikagundishwa nje ya mdomo kwa reziini, gundi ya meno, ndani ya dakika kama 15 vikiwa vimeloanishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha likarudishwa na kufungwa na majirani zake. Ni kazi ya mtaalamu, matokeo yake hayatabiriki, na haifai kuwa tumaini la kwanza. Anayekwambia atalifunga kwa kofia jino ambalo vipande vyake vinaachana, anakuuzia miezi michache.

Likishaamuliwa kung'olewa

Mwombe daktari atenganishe mizizi na kuitoa mmoja mmoja, badala ya kulivunja jino kwa nguvu. Ukuta wa mfupa wa upande wa shavu ni mwembamba, na ufa huwa umekwisha kuula. Kuupoteza wote ni kujifungia mlango wa jino la kupandikiza. Kama unapanga kupandikiza, uliza kabla ya siku hiyo kuhusu kujaza shimo kwa unga wa mfupa.

Nyumbani, ng'ata shashi dakika 30 hadi 45 bila kuifungua kuchungulia. Saa 24 za mwanzo usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara, usinywe pombe. Siku ya pili anza maji ya chumvi. Maumivu yakipungua kisha yakarudi kwa ukali kati ya siku ya pili na ya nne, yakipanda hadi sikioni, bonge la damu limetoka na mfupa uko wazi. Rudi, shimo lisafishwe na kuwekwa dawa. Hilo nalo halihitaji antibayotiki kwa kawaida.

Pengo lina njia nne. Jino la kupandikiza kwa skrubu ya titani haligusi majirani. Kwa kawaida husubiri miezi 3 hadi 6 mfupa upone, na kwa mvuta sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa hatari ya kushindwa huongezeka. Daraja hukamilika ndani ya wiki chache, lakini linadai kusagwa kwa meno mawili ya jirani. Kama hayo ni mazima kabisa, fikiri mara mbili, na kama tayari yana ziba kubwa zinazotaka kofia, daraja ni uamuzi mzuri. Jino la bandia la kuvua na kuvaa ndilo la bei nafuu na halifungi njia ya baadaye. Na kwa gego la nyuma kabisa, kuacha pengo ni uamuzi halali: watu wengi hutafuna vizuri bila hilo.

Ufuatiliaji wa jino lililookolewa

Rudi baada ya miezi 6, kisha miezi 12, kisha kila mwaka, upigwe eksirei na kupimwa fizi mahali pale pale ufa ulipokuwa. Omba namba ya kipimo cha fizi iandikwe kwenye kadi yako na uipige picha kwa simu, kwa sababu mafaili hupotea na madaktari huhama. Ukisaga meno usiku, dalili zake ni taya kuchoka asubuhi na vilele vilivyolika. Kinga ya plastiki ngumu ya kulalia nayo iwe sehemu ya tiba. Ikiwa mahali palipopimwa 3 pamekuwa 5 kisha 7, ufa unatembea chini ya kofia hata kama hausikii maumivu yoyote, na uamuzi wa kung'oa ufanyike wakati huo, mfupa ukiwa bado upo.